Konokono Saba wa Mtaroni

Binti yangu alisomea digrii ya baiolojia kwa miaka mitatu kasoro miezi miwili, na aliyemfanya asiimalize ni mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani kwamba huko mbele yuko mtu mwingine wa kulaumiwa. Hayupo. Chuo hakikumwonea, wahadhiri hawakumchukia, na yeye hakuwa mvivu. Alikuwa na baba, basi.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka kusini nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, wakati ambapo cheti hicho kilikuwa bado kinamwingiza mtu kiwandani. Niliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha sabuni ambacho leo hakipo, pale kilipokuwa wamejenga maghala. Kazi yangu ilikuwa kuangalia boila, lile tangi la mvuke. Kila baada ya saa moja nilitakiwa kupanda ngazi ya chuma, kusoma joto, kushuka, na kuandika namba kwenye kitabu. Shifti ilikuwa ya saa nane, kwa hiyo mistari minane.

Wiki ya kwanza nilipanda mara nane kila siku. Wiki ya pili, mzee aliyekuwa ananifundisha kazi akaniuliza, "We kijana, unapanda na kushuka kama paka, umepoteza nini huko juu?" Akanichukulia kitabu, akaijaza mistari yote minane pale pale, asubuhi, hata chai hatujanywa. Namba zilipanda kidogo kuelekea mchana, zikashuka kidogo kuelekea jioni. Zilipendeza. "Boila haina jipya," akaniambia. "Ikiwa na jipya utaisikia. Bosi anachotaka ni kitabu kisiwe na pengo."

Nilifanya kazi ile miaka ishirini na sita. Boila haikulipuka. Nilistaafu na cheti cha utumishi mwema ambacho mpaka leo kipo ukutani sebuleni, na sikumbuki hata siku moja kuona kwamba tulichokuwa tunafanya ni uongo. Kiliitwa kujaza kitabu. Aliyejua kujaza vizuri, namba zisifanane mno wala zisirukeruke mno, aliheshimika kuwa ni mtu wa kazi.

Nyumba yetu ipo Tandale, nyuma ya soko, karibu na mtaro mkubwa. Mama yake binti yangu alifariki mtoto akiwa kidato cha pili, tukabaki wawili. Sikuwa baba mbaya, au ndivyo nilivyojiona. Nilimfulia sare, nilimpikia uji kabla hajatoka. Alipochaguliwa chuo kikuu kusoma baiolojia, mtaa ukamwita daktari, na kila alipokanusha walimwona ana unyenyekevu. Alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi jioni, na wakati wa kula ananisimulia. Namna mdudu anavyopumua. Kwa nini samaki wa maji baridi hawezi kukaa baharini. Nilikuwa nikimsikiliza nikiwa nimeacha kutafuna.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti wake mwenyewe. Wenzake wengi walichagua vitu vya maabara. Yeye akachagua mtaro wetu. Mle ndani, kwenye maji ya kufulia yanayotoka nyumba zote za juu, kuna konokono wadogo, weusi, wadogo kuliko kunde. Alinieleza kwamba konokono wa aina ile ndio wanaobeba kichocho, na watu husema hawawezi kuishi kwenye maji yenye sabuni, lakini wapo. Alitaka kujua kama wanazaliana mle au wanasombwa tu kutoka kwingine. Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Mtu mzima niliyefanya kazi kwenye boila ya sabuni miaka yote ile, sikuwahi kujiuliza maji ya sabuni yanakwenda kuishi na nani.

Maabara ya chuo haikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo msimamizi wake alimruhusu afanyie nyumbani. Tukapanga beseni kumi na mbili uani, chini ya upenu. Nne za maji ya bomba, nne za maji ya kisima, nne za maji ya mtaroni. Kila beseni konokono kumi. Aliandika herufi kwenye kila beseni kwa rangi ya kucha. Juu ya maji aliweka vipande vya nailoni, kwa sababu konokono hutagia upande wa chini wa nailoni, na mayai yao yanakuwa kama tone la gundi linalong'aa. Mara tatu kwa siku alipima joto la maji, asubuhi, saa saba mchana, na jioni. Jioni alihesabu mayai kwa lenzi.

Kazi ya saa saba mchana ilikuwa yangu, maana yeye saa hizo yuko darasani. Kazi nyingine yangu ilikuwa kuokota majani ya kabichi na saladi wanayoyatupa sokoni, kuyaosha na kuwapa wale wadudu chakula.

Jirani yangu, mwenyeji kabisa wa hapa, ambaye tumetaniana tangu nihamie, alisimama kwenye kona ya uzio akatazama beseni zile kwa muda mrefu.

"Nyie watu wa kusini," akasema, "panya mmewamaliza, sasa mmeingia kwa konokono."

"Wewe ukimaliza kuuza viwanja vya babu yako utakuja kuniomba hata supu yao."

"Vimekwisha bwana, kimebaki hiki nilichosimama. Niambie, wanachinjwa hao au wanaliwa hivyo hivyo?"

"Muulize daktari akirudi."

"Daktari wa konokono," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Lakini kesho yake alileta majani ya kabichi aliyoyaokota mwenyewe, kwenye ndoo.

Nataka nieleze kuhusu macho yangu, si kama kisingizio, maana kisingizio hicho nilikuwa nacho mkononi na sikukitumia siku ambayo kingesaidia. Kwa miaka kadhaa nilikuwa sioni vitu vya karibu. Gazeti nilikuwa naletewa na jirani, naona kichwa cha habari, mengine nabuni. Kile kipimajoto cha binti yangu kilikuwa cha kioo, na ndani yake mna uzi mwembamba wa zebaki ambao inabidi ukigeuze geuze kioo ndipo uuone. Siku ya kwanza nilikigeuza, nikaona kioo. Nikakigeuza tena, nikaona kioo na kidole changu. Yeye alikuwa amesimama pembeni, ananitazama kwa furaha.

"Unasoma ngapi, baba?"

Nikagusa maji kwa kidole kwa siri. "Ishirini na nane."

Akachukua, akatazama. "Ishirini na nane na nusu. Baba, we mtaalamu."

Ningesema pale pale. Ilikuwa neno moja tu, sioni. Lakini alikuwa amewaambia wenzake kwamba ana msaidizi nyumbani aliyefanya kazi ya vipimo miaka ishirini na sita, na mimi nilikuwa nimeshalipenda lile jina la msaidizi. Kuanzia siku ile nilipima kwa kidole. Sikuwa mbali sana na ukweli, siku nyingi.

Wiki tano zilikwenda hivyo. Kisha darasa lao likapelekwa kwenye safari ya mafunzo, msituni huko milimani, siku kumi na mbili. Ilikuwa lazima kwenda. Mwenzake mmoja alijitolea awe anakuja kuhesabu, naye binti yangu akamwambia hapana, baba yupo. Kabla hajaondoka tulikaa uani akaniandikia maelekezo kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari, kwa herufi kubwa, kisha akayasoma kwa sauti.

"Usipoona kitu, andika hujaona. Ukikosa siku, acha wazi. Kikitokea chochote, andika kilivyotokea. Pengo si kosa, baba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Nilimsikia kwa masikio. Ndani mwangu nilimwona ni mtoto ambaye hajawahi kuajiriwa.

Siku nne za kwanza nilijitahidi. Nilipima kwa kidole mara tatu, nilishika lenzi juu ya nailoni, nikaona ukungu, nikaandika mayai kwa kufuata ya wiki iliyotangulia. Siku ya tano, saa sita mchana, nilikuwa kwenye baraza ya jirani tunacheza drafti. Mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kutisha mwanzoni. Nilikuwa nimemfunga mara mbili na ya tatu iko njiani.

"Nenda kaangalie mifugo yako," akaniambia.

"Unataka kukimbia mchezo."

"Mie nakuambia, upenu wako unavuja toka enzi za marehemu."

"Cheza."

Mvua ile wengi wa mji huu wanaikumbuka. Ilinyesha kwa saa tatu bila kupumzika, barabara zikageuka mito, magari yakaachwa. Niliporudi nyumbani, maji ya bati yalikuwa yanamwagika moja kwa moja kwenye safu ya beseni. Mbili zilikuwa zimepinduka. Nyingine zilifurika, nailoni zimeelea mpaka kwenye mlango wa choo, na uani, kwenye mchanga, konokono wametapakaa kama kokoto.

Nilivaa glavu alizoniachia, nikainama, nikaanza kuwaokota. Waliobaki ndani ya beseni niliwaacha humo. Wa mchangani niliwaweka kwenye sufuria. Sikujua yupi katoka maji ya bomba na yupi katoka mtaroni. Konokono hana alama. Nikawagawa, beseni hii inahitaji wanne, nikaweka wanne, ile inahitaji watatu, nikaweka watatu. Mwisho nikakuta nina upungufu wa saba. Basi nikachukua chujio la chai, nikatoka nje mvua ikiwa bado inadondoka, nikaenda mtaroni nikaokota saba wengine. Nikarudi nikakamilisha. Kumi, kumi, kumi, beseni zote kumi na mbili. Nikachota maji ya bomba na ya kisima na ya mtaroni, nikayajaza mpaka kwenye alama zake. Nikapanga nailoni.

Kisha nikaketi sebuleni, chini ya kile cheti, nikajaza kitabu. Nilijaza siku ile na siku saba zilizobaki kwa mkupuo mmoja. Mvua sikuiandika. Joto la saa saba mchana ya siku ile niliandika thelathini na moja, kwa sababu jana yake ilikuwa thelathini na namba zilikuwa zinapanda vizuri. Nilipomaliza nilitazama ukurasa, na nakiri kwamba niliridhika.

Aliporudi hakuvua hata viatu. Alikwenda uani, akapiga magoti, akahesabu beseni baada ya beseni, huku anataja kwa sauti, kumi, kumi, kumi. Alipofika ya mwisho aliinuka akanikumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mama yake.

"Baba, nilisikia huko kwamba kumenyesha, nikajua nimekwisha. Hata mmoja hujapoteza?"

"Hata mmoja," nikasema.

Aliendelea kuhesabu wiki nne nyingine. Aliandika ripoti yake, akanakili namba zangu kwa mwandiko wake, akasaini mahali panaposema kwamba vipimo vyote amevichukua yeye. Hilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa alilolifanya kwa kuniamini.

Siku ya kutetea utafiti, mmoja wa wahadhiri alifungua jedwali, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Alimuuliza inawezekanaje, siku ambayo mji mzima ulifunikwa na mvua, maji yaliyokuwa uani yawe na nyuzi thelathini na moja saa saba mchana. Binti yangu akasema kweli, kwamba siku zile alikuwa safarini na vipimo alichukua baba yake. Wakamwambia basi baba aje.

Jioni ile alikaa mbele yangu, chakula hakukigusa.

"Baba, naomba uniambie. Ile siku ya mvua ulipima?"

Nikammiminia maji ya kunywa.

"Kama hukupima si neno. Nitawaambia hukupima, hizo siku wanazifuta, napunguziwa alama kidogo, yamekwisha. Msimamizi kaniambia hivyo. Mie nataka tu kujua nikasimamie wapi."

Ndivyo alivyoniwekea mbele yangu, wazi kama sahani. Ukweli wangu ungemgharimu alama kidogo tu. Na mimi nikamtazama mwanangu machoni nikamwambia, "Nilipima."

Akashusha pumzi. "Basi tutakwenda. Utawaambia hivyo hivyo."

Nilivaa kanzu yangu nyeupe na koti. Ofisini walikuwa watatu, wote umri wa kuwazaa. Waliinuka wakaniamkia, shikamoo baba, wakanipa kiti chenye mto. Mama mmoja ndiye alikuwa mkubwa wao. Aliongea kwa upole ambao ulinifanya nione aibu kuliko kama angefoka.

"Baba, tunashukuru umekuja. Binti yako anasema zile siku kumi na mbili ulipima wewe."

"Ndiyo."

"Na siku ya mvua?"

"Nilipima."

"Saa saba?"

"Saa saba kamili. Nimefanya kazi ya vipimo miaka ishirini na sita."

Kijana aliyekaa kushoto kwake alifungua droo, akatoa kipimajoto kama kile cha binti yangu. Akajaza glasi maji kutoka kwenye ile mashine ya maji iliyokuwa kona, akakitumbukiza. Akasubiri kidogo, akanisogezea. "Baba, hebu tusomee. Si mtihani, tunataka tu kuelewa ulivyokuwa unafanya."

Nilikichukua nikakielekeza dirishani. Nikakigeuza. Niliona mwanga. Kidole sikuweza kukitumbukiza mbele yao. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu, magoti yameshikana, na nilihisi anavyonitazama.

"Ishirini na nane," nikasema.

Yule mama alikipokea, akakitazama, kisha akampa binti yangu. Hakumwambia asome. Alimpa tu.

"Kumi na moja," binti yangu akasema.

Maji yalikuwa ya baridi kutoka kwenye mashine. Ningeigusa ile glasi, ningejua.

Wakanishukuru. Wakanisindikiza hadi mlangoni. Hawakuniuliza kitu kingine, na hiyo ndiyo bahati mbaya, kwa sababu hawakuniuliza kuhusu konokono.

Tulitembea hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi. Tulipokuwa tunasubiri alisema bila kunigeukia, "Baba, huoni?"

"Naona. Kioo chao kilikuwa kichafu."

Hata pale. Hata baada ya yote yale, kwenye benchi, sisi wawili tu.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ripoti ilifutwa kwa sababu ina namba za kutungwa, na kwa sababu alisaini kisha akaleta shahidi asiyesema kweli. Alisimamishwa mwaka mmoja, na akapewa ruhusa ya kurudi kurudia utafiti, ruhusa yenye mwisho wake. Wenzake walivaa majoho. Yeye alikaa ndani siku ile, akafua mapazia.

Hakurudi mwaka uliofuata. Nilipomuuliza alisema, "Nitarudi, baba, acha nipumue," na sikuuliza tena kwa sababu sikuwa na haki ya kuuliza. Alipata kazi kwenye duka la stesheneri Ubungo, la kutoa kopi na kuchapa. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi wa vyuo. Anawapangia kurasa za tasnifu zao, anawarekebishia majedwali, anatoboa matundu na kuzifunga kwa jalada la bluu. Nilimpelekea chakula mara moja nikamkuta anamwambia mwanafunzi mmoja, kwa sauti ile ile aliyokuwa ananisimulia nayo zamani, kwamba jedwali lake la pili halilingani na la nne. Kijana akamuuliza, "Sista, kwani na wewe umesomea haya mambo?" Akasema, "Hapana, nimezoea kuyaona tu."

Jirani yangu aliacha kunitania. Tulikuwa tunakaa kwenye drafti na anacheza kimya, kwa heshima, kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtaa mzima umejua.

Kwa mshahara wake wa kwanza alinipeleka kupimwa macho. Tulirudi na miwani. Alikuwa amehifadhi kipande kimoja cha nailoni ndani ya chupa ya spiriti, ukumbusho. Nilikitoa siku moja akiwa kazini, nikakiweka karibu na dirisha. Ndipo kwa mara ya kwanza nikayaona mayai. Kila tone lilikuwa na vijipunje vingi vya mviringo, vimepangana vizuri, na ndani ya kila punje nukta. Nilikuwa nimeandika mamia ya mayai yale na sikuwa nimeona hata moja.

Mwaka huu ndio mwisho wa ile ruhusa. Mwezi uliopita alikuja na fomu ya kurudi chuoni. Sikuwa nimemwona na uso ule kwa muda mrefu. Jumapili asubuhi alitoa meza uani, akaleta daftari la zamani, kalamu na kikokotoo, akakaa pale zilipokuwa beseni.

"Msimamizi kanipigia," akaniambia. "Kasema si lazima nianze upya. Wiki tano za kabla ya safari na wiki nne za baada nilihesabu mwenyewe, hizo hazina shaka. Za mchana za kwako tunaziondoa, asubuhi na jioni zinatosha. Tunafuta zile siku kumi na mbili, naandika upya, namaliza. Kuanza upya nisingeweza, baba, na kazi hii ya siku sita kwa wiki. Lakini hii naiweza."

Alikuwa anaimba chini chini huku anafunua kurasa.

Nilikuwa nimebeba lile jambo kwa muda wote ule, nikijidanganya kwamba halimdhuru tena mtu kwa kuwa utafiti ulishakufa. Sasa alikuwa anaufufua mbele yangu, na sehemu aliyoishika ndiyo niliyoiharibu. Kama ningenyamaza angemaliza. Angepata digrii juu ya konokono niliowachanganya, na angewaambia watu kitu kuhusu mtaro ule ambacho hakuna anayejua kama ni kweli. Au wangemgundua tena. Na kama ningesema, basi utafiti umekwisha.

"Za baada ya safari usizitumie," nikamwambia.

Akainua uso.

Nikamweleza. Mvua, drafti, beseni zilizopinduka, sufuria, chujio la chai. Nilieleza taratibu na sikuruka kitu. Alinisikiliza huku kalamu iko mkononi.

"Waliotoka nje ni wangapi?"

"Sijui."

"Zilizofurika ni beseni zipi?"

"Zile mbili zilizopinduka nadhani ni za kisima. Nyingine sijui."

"Wale saba uliwaweka wapi?"

"Sijui, mama."

Miaka ishirini na sita kiwandani sikuwahi kuandika neno lile, wala kulitamka mbele ya mtu aliyeshika kitabu. Lilikuwa jepesi kulisema. Hilo ndilo linaloniumiza, lilivyokuwa jepesi.

Aliweka kalamu mezani. Kisha akasema, si kwa hasira, "Niliwasimulia darasa zima. Kwamba mvua yote ile, baba yangu hakupoteza hata mmoja."

Akachukua rula. Alianzia kwenye siku ya mvua, akapiga mstari wa kukata ukurasa, akafunua, akapiga mwingine, mpaka mwisho wa daftari. Alipiga mistari iliyonyooka kabisa. Kwenye pambizo ya ukurasa wa kwanza aliandika kilichotokea, kama nilivyomweleza, na pale nilipojibu sijui aliandika haijulikani. Wiki tano zilizobaki hazitoshi kitu. Alifunga daftari akaingia ndani kupiga pasi nguo za kazini.

Fomu ipo juu ya kabati la vyombo, ameijaza jina tu. Siku za kuipeleka zimebaki chache. Kila asubuhi anapita karibu nayo akienda kuchukua kikombe, ananiamkia, namwitikia, anaondoka. Nimevaa miwani yangu, naiona vizuri kutoka hapa nilipokaa. Kama ataipeleka, sijui.